Kula bata kwenye yoti na kuzamia huku Mtwara na Kilwa: anza na upepo na mwezi, boti itafuata

Wadau, ukimwambia mtu wa Dar unaenda kula bata kwenye yoti, ile ya kulala humohumo, asubuhi unazamia na jioni unachomewa samaki huku miguu inaning'inia kwenye maji, akili yake inaenda Zanzibar moja kwa moja, ikizidi sana Mafia. Kusini kwetu anajua korosho na gesi basi. Mi sina ugomvi na hilo maana bahari inabaki na nafasi, shida yangu ni hawa wanaoamua kuja kweli, wanachanga hela, wanalipia boti, wanakata tiketi za ndege, alafu ndo wananipigia eti "kaka, mwezi wa 7 huko Msimbati ya Mtwara bahari ikoje?" Mwezi wa 7! Kusi imeshika kasi, mawimbi yanagonga mwamba kama yanadai deni, na we umelipia advansi isiyorudi.

Kwahiyo leo naandika hii moja nimalize. Mpangilio ni huu: kwanza upepo, pili mwezi, tatu sehemu, boti ndo inakuja ya nne. Ukigeuza tu hapo utatapika siku nzima kwenye kitanda cha gharama.

UPEPO

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa na kila mvuvi wa Mikindani anazijua kuliko simu yako. Kusi inaanza kama mwezi wa 4 mpaka wa 9, inatoka kusini mashariki, na juni mpaka agosti ndo yenyewe, bahari chafu, maji yamepoa, nje ya mwamba hapakaliki. Kaskazi inakuja desemba mpaka machi, inavuma nayo lakini ina adabu zaidi, na maji yanakuwa ya moto kabisa. Katikati hapo, oktoba na novemba, kuna kipindi bahari inalala, asubuhi unaamka unaona maji yametulia tuli na unaona mpaka chini, sasa kama una nafasi ya kuchagua, chagua hapo hapo. Mvua zetu huku zinaanza kushika karibu na desemba kwahiyo na mito bado haijaanza kumwaga tope baharini.

Na kuna utamu mwingine, oktoba ndo minada ya korosho inaanza, mifuko ya watu wa kusini inacheka, kwahiyo nyie wa Newala na Tandahimba mnaosema yoti ni za wazungu acheni hizo, mkijikusanya watu 8 mwezi wa 11 mnakodi kitu cha maana.

Nyangumi wale wenye nundu wanapita kwetu wakitoka kwenye baridi ya kusini kuja kuzaa, unawaona zaidi agosti mpaka oktoba, na Msimbati maji marefu yako karibu na nchi kavu mpaka kuna watu wanawaona wakiwa wamekaa ufukweni. Ukija mwanzoni mwa oktoba unaweza kubahatisha vyote, nyangumi wa mwisho mwisho na bahari iliyoanza kutulia. Ila mwambie nahodha asiwafukuze, akae mita 100 au zaidi, apunguze injini, na kama ni mama na mtoto msiingie katikati yao hata kama mpiga picha wenu analia.

Aprili na Mei sahau. Watu wanajidanganya kwamba pwani hii vimbunga havifiki, haya, kile cha Lindi 1952 kilikuja aprili, Kenneth ya 2019 ilipiga kaskazini ya Msumbiji mwishoni mwa aprili na Mtwara watu wakahamishwa, Hidaya ya 2024 ilikuja mwanzoni mwa mei ikaleta mvua mpaka barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Kilwa. Msimu wowote ule, asubuhi kabla ya kung'oa nanga mnaangalia utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, upo bure, na nahodha akikwambia leo hatutoki usianze kumkumbusha umelipa shilingi ngapi.

MWEZI

Hapa ndo watu wa bara wanapotea, na hapa ndo nitakaa sana.

Maji yetu yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti ya kujaa na kupwa kipindi cha bamvua inazidi mita 3. Mita 3! Hiyo ni nyumba ya chini mpaka darini. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata. Katikati yake, kama tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24, ndo maji mafu, maji yanasogea kidogo tu na mkondo unapungua nguvu.

Sasa sikiliza kitu ambacho hakuna brosha itakwambia. Pwani hii siku za bamvua maji yanajaa kama saa 10 alasiri na kukauka kama saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa kama saa 4 asubuhi. Na we unataka kuzamia maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, kwasababu yakijaa yanaingia yale ya bahari kuu, meupe, safi, na yakipwa yanatoka ya kwenye mikoko na ghuba, yamebeba tope na takataka, unashuka chini unajiona mikono yako tu. Kwahiyo maji mafu unapata vyote viwili, mkondo mpole na maji safi saa 4 asubuhi, jua liko juu linaangaza mwamba, upepo wa mchana haujaamka. Chukua kalenda ya Kiislamu, tafuta wiki yenye tarehe 8 au 22, weka safari hapo. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwahiyo siku 4 mfululizo bado uko kwenye asubuhi nzuri.

Mwezi huohuo ndo utakuokoa kwenye nanga. Mtu anatia nanga maji yamekupwa, anapima anaona mita 6, anaachia mnyororo mfupi, usiku maji yanapanda na nanga inaanza kukokota watu wamelala. Hesabu yake ni nyepesi: mita 6 za sasa, ongeza 3 za kujaa, ongeza 1 ya kutoka kwenye maji mpaka omo ya boti, unapata 10, zidisha mara 5, achia mita 50 za mnyororo. Kama ni kamba sio mnyororo, zidisha mara 7. Alafu shika mnyororo kwa mkono au ukanyage kwa mguu pale mbele huku injini inarudi nyuma taratibu. Ukisikia umekaza kimya, imeshika. Ukisikia unatetemeka tetemeka na kugugumia, inaburuzika juu ya mawe, ng'oa mkaanze upya. Na iwe kwenye mchanga siku zote, usitie juu ya matumbawe, kwanza ni kosa, pili nanga ikinasa kule chini atakayezamia kuifungua ni wewe.

SEHEMU

Ukisema Mtwara kuzamia maana yake ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilianzishwa mwaka 2000, ukubwa wake kilomita za mraba 650 bahari na nchi kavu. Kwanini pamejaa uhai hivi? Ule mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unakuja kugonga Afrika maeneo ya kwetu hapa na Cabo Delgado ya kaskazini ya Msumbiji, alafu unagawanyika, mwingine unapanda kaskazini kwenda Dar na Mombasa, mwingine unashuka Msumbiji. Kwahiyo mayai na vifaranga vya samaki na matumbawe kutoka mbali vinatua hapa kwanza. Wamehesabu aina zaidi ya 250 za matumbawe magumu. Pale Ruvula, karibu na Msimbati, chini kunaporomoka ghafla, unaogelea juu ya matumbawe ya mita 5 mara mbele yako ni ukuta unashuka kwenye bluu nzito, na ukutani humo kuna mkunga, yule samaki kama nyoka, kachungulia kwenye tundu lake mdomo wazi, mtu akiona anadhani anataka kung'ata kumbe anapumua tu, kuna chewa wakubwa wamekaa kama wenyeviti wa kijiji, na pono wanatafuna mwamba mpaka unasikia ile kru kru kru yao ndani ya maji.

Humo ndani ya hifadhi kuna vijiji na watu wanavua kwa riziki, sio uwanja wa maonyesho. Ukiona boya au chupa inaelea ujue chini kuna dema (mtego wa samaki) au nyavu ya mtu, nahodha azunguke. Ukishuka Msimbati vaa vizuri, ukikuta wazee wamekaa toa shikamoo kwanza ndo uulize habari za maji, na utapata zaidi ya kwenye programu yoyote ya simu. Kuna mzee mmoja nilimwuliza mbona leo hatoki, akanijibu "mwanangu, hayo mawingu yamekaa vibaya na mwezi una siku mbili, we nenda tu, mi nitakusubiri hapa". Sikwenda.

Ada ya hifadhi inalipwa kwa kontro namba, raia bei yake na mgeni yake, chukueni risiti. Hakuna kuokota kombe wala kuvunja tumbawe wala bunduki ya mshale.

Kusini ya mdomo wa Ruvuma msivuke. Ni mpaka wa nchi, na Cabo Delgado kuna vita tangu 2017. Waambieni polisi wa majini mnaenda wapi na mnarudi lini, na mfuate wanachosema.

Mikindani ni ya kulala. Ghuba yake mdomo mwembamba alafu ndani pamepanuka, kusi ikivuma nje humo ndani boti imetulia, na jioni mnashuka na kiboti kidogo kutembea mjini, Boma la Wajerumani la 1895 lipo pale, na ndo hapahapa Livingstone alianzia safari yake ya mwisho kwenda bara 1866. Kabla hamjaondoka nunueni samaki na pweza mapema alfajiri kwa wavuvi, na ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha kwa akina mama, achaneni na nyama za friza.

Lindi upande wake una Kilwa, na hapo yoti inanoga kuliko hoteli kwasababu vitu vimetawanyika visiwani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifu mji, mkaone msikiti mkuu na Husuni Kubwa (kasri la sultani) na Gereza (ngome ya zamani). Kibali mnachukua Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na nendeni na mwongoza watalii wa pale pale. Songo Mnara muingie maji yamejaa, yakiwa yamekupwa mtatembea kwenye tope la mikoko mpaka magoti na viatu vyenu vyeupe. Juu zaidi kuna Songo Songo kwenye gesi, na jirani yake Fanjove yenye mnara wa taa wa enzi za Mjerumani, mwamba wake ni wa kukaa na snoko (bomba la kupumulia) siku nzima bila kuhitaji mtungi wa hewa. Maeneo ya Songo Mnara ndo 2003 wavuvi walinasa silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini katoweka toka zama za dinosaria mpaka aliponaswa mmoja Afrika Kusini 1938. Msijisumbue kumtafuta lakini, anakaa kina kirefu mno kuliko mtungi wako unavyoruhusu.

BOTI SASA

Huku hakuna marina, tusidanganyane. Yoti na katamarani kubwa zinatoka Zanzibar au Dar, na ikiitwa mpaka Mtwara ni zaidi ya maili 200 za bahari na mkondo unakuja usoni, maana mkondo wetu unaenda kaskazini mwaka mzima. Kwa mwendo wa maili 6 za bahari kwa saa hiyo ni siku moja na nusu hivi bila kusimama, na mafuta mnalipa nyie. Ushauri wangu, kama mnataka boti ya Dar wekeni safari kaskazi ikishashika, januari au februari, ishuke na upepo nyuma, ipite Kilwa, mmalizie Mtwara mpande ndege, boti irudi yenyewe na mkondo. Kama ni oktoba na novemba, fanyeni Kilwa na Songo Songo tu, karibu zaidi. Na kama bajeti haifiki huko kodini mashua nzuri ya injini Mikindani au Msimbati, mlale nchi kavu, mzamie mchana, bata ni bata.

Mkataba usome wote. Bei wanayokutajia mara nyingi ni ya boti na mabaharia tu, chakula, mafuta, ada za hifadhi na bandari mnaweka fungu pembeni, kwa yoti kubwa huwa asilimia 25 mpaka 35 ya bei ya kukodi, ikibaki mnarudishiwa, kwahiyo daini mahesabu. Uliza leseni ya TASAC (wasimamizi wa usafiri wa majini), uliza life jaketi ngapi na vaeni mjaribu, uliza boya la uokoaji la kujitanua, redio ya VHF inayoshika chaneli 16 ya dharura, na kwa wazamiaji uliza mambo mawili: kompresa ya kujaza mitungi ipo humohumo? oksijeni ya dharura ipo na imejaa? Akianza kuzungukazunguka kwenye oksijeni, aga vizuri uondoke. Jakuzi haina kazi ukiwa umepata ugonjwa wa mgandamizo wa kuzamia (viputo vya hewa mwilini) na hospitali yenye chemba ya kuutibu iko mbali na wewe.

CHINI YA MAJI

Hujawahi kuzamia? Kasome kozi kwanza, ya mwanzo ya PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia) inakuruhusu mita 18, inayofuata mita 30, na mita 40 ndo mwisho wa kuzamia kwa starehe. Usikubali mtu akuvishe mtungi akwambie nifuate.

Masikio ndo yanawatoa wengi. Ukishuka mita 10 tu mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya juu, kwahiyo kazi kubwa ya masikio ipo hapo mwanzoni, bana pua upulize taratibu kuanzia mita ya kwanza, kabla hujasikia maumivu, urudie kila ukishuka kidogo. Likigoma panda mita moja ujaribu tena, usilazimishe. Una mafua, baki kwenye boti ule korosho.

Hewa hesabu hivi. Mtungi wa lita 12 geji ikisoma 200 (bar, kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400. Unatakiwa utoke na 50, kwahiyo za kutumia ni lita 1,800. Mtu aliyetulia anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, mita 10 inakuwa 40, mita 20 inakuwa 60. Gawanya, dakika 30 umemaliza. Mwenye pupa hata 20 hafiki, na mnatoka wote pamoja yule wa kwanza akiisha, hakuna cha "mi bado ninayo".

Usibane pumzi hata siku moja, hasa unapopanda, hewa iliyoko kwenye mapafu inapanuka na inaweza kuyapasua. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3, ndo utoke. Huku kwetu mkondo unakubeba, unaweza kuibukia mbali na mlipoingilia, kwahiyo kila wawili wawe na boya la kupuliza la rangi kali walirushe wakiwa bado chini, na boti iwe na mtu macho juu ya maji muda wote, sio anaangalia simu.

Mwisho ni ratiba ya kuondoka, na hapa wageni wanaharibu sana. Ukipanda juu mapema mno unaweza kupata ule ugonjwa wa mgandamizo, kwahiyo ukizamia mara moja kaa masaa 12 bila kupanda ndege, ukiwa umezamia siku kadhaa mfululizo kaa 18 au zaidi, kwahiyo siku ya mwisho iwe ya Mikindani na kupumzika. Na sio ndege tu. Watu wanatoka kuzamia Ruvula saa 7 mchana wanasema twende Newala tukaone Shimo la Mungu jua linazama, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, mamia ya mita kutoka usawa wa bahari, mwili unaona kama umepanda ndege tu. Newala nendeni siku mnayofika, kabla hamjalowana.